Upande wa Mwenye Punda

Gunia la viazi likifungiwa siku chache mahali pasipo na hewa hutoa harufu yake, harufu ya udongo na ya kitu kama mvua iliyosahauliwa ndani ya nyumba. Wiki iliyopita mwenye duka jirani alifungua stoo yake nikiwa nimesimama mlangoni, harufu hiyo ikanijia, na kabla sijajua ninafanya nini nikawa nimenyamaza, natega sikio. Nilikuwa nangoja wazee wawili waanze kubishana. Mmoja wao tulimzika mwaka jana huko kwao Nyandarua. Wa pili ni Baba yangu, ambaye siku hizi hasikii vizuri na hubishana na redio peke yake.

Sina hakika kwamba nitakayoandika yalikuwa hivi hasa. Mimi si mwandishi. Shule niliiacha nikiwa kidato cha pili, na elimu kubwa niliyopata kuisikia niliisikia nikiwa nimekaa juu ya gunia. Mdogo wangu anasema naongeza chumvi, lakini yeye wakati ule alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wangu, kwa hiyo naye hana ushahidi. Mama anakumbuka mengine tofauti. Pale ninapojua kwamba tunatofautiana, nitasema.

Wa rika langu waliokulia Sultan Hamud wanakumbuka ile safu ya maduka ya upande wa reli, yenye mabati mekundu na baraza refu la saruji. Baba alikuwa na cherehani yake barazani. Nyuma yake lilikuwa duka la Baba Njeri, muuza viazi na kabichi, aliyehamia kwetu na familia yake kutoka nyanda za kati. Njeri tulisoma naye darasa moja. Wazee hawa walikuwa kanisa moja na baraza moja, wakisalimiana asubuhi na jioni, na bado hawakuwa marafiki. Urafiki waliupatia Mwingi, mbali na nyumbani, kanisa lilipowapeleka kwenye kozi fupi ya wazee wa kanisa.

Huko Mwingi alikuja mwalimu mmoja mzee kutoka ng'ambo, mtu aliyetumia maisha yake yote kusoma vitabu vya marabi, yaani walimu wa Kiyahudi wa zamani. Baba anasema alipewa asubuhi moja tu, awaeleze wazee jinsi Wayahudi walivyofikiri juu ya sheria ya Mungu, ili waielewe Biblia yao vizuri zaidi. Asubuhi ikaisha, chakula kikapoa, bado anaendelea. Mwisho akawagawia kurasa chache za fotokopi, za Kiingereza, zilizobanwa kwa pini. Zilihusu kesi za majirani, hasa za vitu vilivyopotea. Ukiokota kitu njiani, ni lini ni chako, na ni lini lazima umtangazie mwenyewe?

Akawaambia kwamba maandishi hayo hayasomwi na mtu mmoja. Kaeni wawili wawili, mmoja ashike upande huu na mwingine upande ule. Na kabla hujamjibu mwenzako, sema kwanza maneno yake yeye, uyaseme vizuri, mpaka akubali kwamba ndivyo alivyomaanisha. Halafu badilishaneni pande.

Sasa nikiwa mtu mzima nadhani yule mwalimu alikusudia zoezi la siku ile tu. Wazee wengine waliporudi makwao waliziweka kurasa zile kabatini. Lakini Baba na Baba Njeri walilichukua neno lake kama dawa ya daktari, inayonywewa mpaka chupa iishe. Kila Jumamosi alasiri, soko likishatulia, waliingia stoo ya viazi, wakakaa juu ya magunia na kamusi katikati yao, wakasoma mistari michache na kubishana. Na kila Jumamosi walibadilishana. Aliyekuwa mkali wiki hii, wiki ijayo alikuwa mpole. Siku hizi nimesoma kidogo kidogo kwa simu, naona ni kweli wako walimu wa kale waliosifiwa kwa kutaja maneno ya wapinzani wao kabla ya yao wenyewe. Hilo la kubadilishana kila Jumamosi bila kukosa sijaliona popote. Huenda lipo. Huenda ni la Sultan Hamud peke yake.

Mimi hakuna aliyeniambia habari ya kubadilishana. Niliyoyasikia niliyasikia vipande vipande, mdogo wangu mgongoni, nikimtikisatikisa asilie. Nilimsikia Baba akisema, "Ng'ombe akimchoma mwenzake pembe," na Baba Njeri akimjibu, "Lakini alikuwa amezoea kuchoma au ni mara ya kwanza?" Nilisikia habari za shimo lililoachwa wazi njiani, za mbuzi aliyekula shamba la mtu, za kisima, za majirani wawili walioshika nguo moja, kila mmoja akisema ni yangu. Na huko mbele ya maneno yote, walikuwa marabi. Rabi fulani amesema hivi, rabi mwingine amekataa.

Basi nikaamini marabi ni wazee wa Kitui. Ningefikiri nini kingine? Babu yetu alikaa Kitui, na kila mara alipotutembelea alikuja na kesi za namna hiyohiyo: mbuzi, kisima, mpaka wa shamba, nani alianza. Niliwaona kabisa kichwani mwangu, wamevaa makoti mazito kwenye jua, fimbo magotini, wakibishana juu ya punda mpaka mate yanakauka. Nilipoambiwa miaka mingi baadaye kwamba wengi wao waliishi Galilaya na Babeli, nilihuzunika kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba wajomba zake si wajomba.

Kanisani wako walionung'unika. Dada mmoja wa maombi alimwambia Baba, "Mzee, hao si ndio walimkataa Yesu? Mnatafuta nini kwao?" Ili niwe wa haki, hakusema kwa ubaya, alikuwa na hofu ya kweli. Mchungaji akaja mwenyewe Jumamosi moja kuona kinachoendelea. Akakaa juu ya gunia, akasikiliza, akasema neno moja la kusahihisha, akajibiwa, akajibu. Kwaya ilimngoja kanisani mpaka ikaenda nyumbani. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Ndipo mvua za mwaka ule zikaja zote kwa pamoja.

Kwetu mto ni mchanga. Karibu mwaka mzima unachimba shimo, unangoja maji yapande, unachota kwa kikombe. Halafu siku moja milima ya Kilungu inanyeshewa huko juu, na mto unashuka ukiwa umebeba miti, mabati na kuku. Asubuhi baada ya gharika ile nilitangulia mbele ya Mama kwenda kuchota. Maji yalikuwa yamepungua. Kwenye ukingo wa mchanga alisimama punda, matope mpaka shingoni, kipande cha kamba kikining'inia, sikio moja lina pengo. Hakuwa anafanya lolote. Alisimama tu kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Usimguse," Mama akasema.

Nilikuwa nimeshamgusa. Nikamwita Mueni, yaani mgeni kwa Kikamba.

Baba alifanya yote yanayostahili. Alitangaza kanisani, akaenda kwa chifu, akawaambia watu wa mnada, akaandika karatasi na kuibandika ukutani juu ya cherehani. Chifu akasema, "Kaa naye, mwenyewe akija utamrudishia." Hakuja mtu. Matope yakakauka, nikamsugua kwa gunzi la mahindi mpaka rangi yake ikatoka, kahawia ya chai yenye maziwa kidogo.

Na Mama akaacha kubeba maji.

Hili nataka nilieleze vizuri kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Mama alibeba mtungi mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita juu ya kichwa, na ukanda ule ulikuwa umemchimbia mfereji utosini ambao nywele hazikuota. Kutoka mtoni mpaka kwetu ni mpando mmoja mrefu wenye mawe. Alipanda asubuhi, akapanda tena jioni, na katikati alilima. Alipokuja Mueni, akawa anapanda mara moja, mikono mitupu, akimfuata punda nyuma na kumtukana kwa upendo. Siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta ameketi. Mchana, kwenye kiti, miguu ameinyoosha, hafanyi kitu. Nilidhani ni mgonjwa. Nikamuuliza anaumwa wapi, akacheka sana.

Huko stoo, wazee walikuwa kama watoto waliopata mpira mpya. Walikuwa wamehangaika miezi na punda wa kwenye karatasi. Baba Njeri alipiga magoti yake akasema, "Baba Mwende, Mungu ametuletea ukurasa wa tatu ukitembea na miguu minne!"

Maana kurasa zao zilizungumzia jambo hilohilo. Kitu kilichochukuliwa na mto ni cha aliyekiokota, kwa kuwa mwenyewe, akiona maji yamekichukua, anakata tamaa nacho. Tamaa ikishakatika moyoni mwake, kitu si chake tena. Lakini ikiwa mwenyewe anakimbia kando ya mto akikifuata, bado hajakata tamaa, na ni lazima arudishiwe. Sheria nzima ya punda wangu ilikaa ndani ya moyo wa mtu ambaye hatukumjua.

Jumamosi ya kwanza Baba alikuwa upande wetu. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza kwa fahari. "Mto ule uling'oa mikuyu," alisema. "Nani angesimama kando yake akasema punda wangu atarudi? Alikata tamaa. Hata wewe ungekata."

"Hiyo punda ina alama," Baba Njeri akajibu. "Sikio liko na pengo. Mtu mwenye kitu yenye alama hakati tamaa haraka. Saa hii mtu anamtafuta, na wewe unambebesha maji."

Nilimchukia Baba Njeri kutoka siku ile. Alikuwa na desturi ya kutupa watoto karoti zilizovunjika, tamu sana. Aliponinyooshea ya kwangu nikaficha mikono nyuma. Akamtazama Baba. "Mtoto wako ameokoka karoti?"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nikitaka kumsikia akishindwa. Nikamkuta Baba, Baba yangu mwenyewe, ameinuka kutoka kwenye gunia, kidole juu, anasema, "Sikio liko na pengo! Mtu alimkata ile pengo kwa mkono wake. Hawezi kumsahau. Lazima arudishwe!" Na Baba Njeri anatikisa kichwa taratibu akisema, hapana, mto ni mto, wamwachie Mwende punda wake.

Nilikimbia mpaka nyumbani, kichwa cha mdogo wangu kikinigonga mgongoni. Nilimwambia Mama, "Baba ametuuza."

"Amemuuza nani?"

"Mueni. Baba Njeri amemgeuza Baba, na Baba amemgeuza Baba Njeri. Wote ni wabaya."

Mama alikuwa akipepeta mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi. Hakuacha. "Waache," akasema. "Ile midomo yao haijawahi kupandisha hata kikombe cha maji kutoka mtoni."

Sijui kama Mama alijua habari ya kubadilishana. Nilimuuliza majuzi, akasema alijua tangu mwanzo. Lakini hakuniambia, na mimi sikulala vizuri. Kwangu mimi ile stoo ilikuwa mahakama, marabi wa Kitui ndio mahakimu, na wazee wawili walikuwa mawakili walionunuana. Jumamosi ya tatu Baba akawa wetu tena, na ya nne si wetu. Nikaanza kumsalimia Baba Njeri kwa mikono miwili wiki moja na kumnunia wiki iliyofuata, naye maskini akawa anamuuliza Njeri nyumbani kama nina minyoo.

Miezi ikapita, jua likarudi, mto ukawa mchanga tena. Ndipo akaja mwenyewe.

Alikuja siku ya soko. Alikuwa mama mzee, mwembamba, amevaa akala za tairi miguuni na leso mbili, na amebeba kamba mpya mkononi. Watu wa mnada walikuwa wamesikia mahali fulani, wakamwambia mwingine, naye akamwambia yeye huko vilimani: kuna punda kahawia kwa fundi wa nguo Sultan Hamud. Alisimama mbele ya cherehani ya Baba akasoma ile karatasi ukutani, au alijifanya kuisoma, halafu akasema, "Ni sikio la kushoto."

Baba alifunga cherehani. Baba Njeri alifunga duka, jambo ambalo siku ya soko hakuna aliyewahi kuliona. Tukateremka wote mpaka nyumbani, Susu yule, yaani nyanya kwa Kikamba, mbele, kwa sababu yeye alitembea haraka kutuzidi.

Mueni alikuwa amefungwa nyuma ya jiko. Nilikimbia nikasimama karibu naye, mkono shingoni. Susu hakusogea. Alisimama pale penye ua akaita, si kwa sauti kubwa, "Kamwana." Kijana mdogo. Masikio yote mawili yakageuka, lenye pengo na lisilo na pengo. Nilikuwa nimemwita Mueni miezi yote ile, na nilipomwita aligeuza kichwa akitafuta mahindi. Masikio hayakuwahi kugeuka hivyo.

Baba akamletea Susu kiti na maji ya kunywa. Akangoja anywe. Halafu akauliza swali lililobeba kila kitu. Hata mimi nilijua ndilo swali, nilikuwa nimelisikia Jumamosi nyingi.

"Susu, mto ulipomchukua, wewe ulifanya nini?"

Niliomba. Niliomba kwa macho wazi, vidole ndani ya manyoya ya Mueni: Mungu, aseme alikata tamaa. Na ninaandika hivi ili iwe haki kwake: angeweza kusema chochote. Angesema nilimkimbilia kando ya mto mpaka nikaanguka, na nani angembishia? Alikuwa amesikia kwa watu wa mnada kwamba fundi yule na rafiki yake wana maneno yao juu ya punda.

"Nilifanya nini?" akasema. "Nilikaa chini kwa matope nikalia. Nikasema basi, ameenda. Nikarudi nyumbani nikampa jirani lile gunia nililokuwa nikimwekea mgongoni, maana la nini tena. Hata leo nilikuja tu nimuone kama ni yeye."

Wazee walitazamana. Mimi ndiye niliyepiga kelele: "Ni wetu! Alikata tamaa! Ni wetu!"

"Mtoto amesema sheria," Baba Njeri akasema polepole, na hakuonekana kuifurahia.

Baba akatoa zile kurasa kwenye koti. Zilikuwa zimelainika kama kitambaa. "Kuna ile ya mwisho," akasema. "Yule mzee aliyeokota punda kadhaa jangwani akawarudisha baada ya mwaka mzima. Sheria haikumdai. Lakini alirudisha, kwa kuwa alitaka kufanya zaidi ya sheria. Na sisi tunaweza..."

"Ngoja," Baba Njeri akamkata. "Leo uko upande gani?"

"Leo sina upande."

"Basi nisikilize. Nitasema maneno yako kwanza. Unasema sheria inatupa punda, lakini mtu wa Mungu haishii pale sheria inaishia, anaongeza kitu ya kwake juu. Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Vizuri. Sasa jibu langu. Huyo mzee wa jangwani aliongeza ya kwake. Wewe unataka kuongeza ya nani? Huyu punda anapunguzia nani mzigo? Huwezi kumfanyia Susu wema kwa mgongo wa bibi yako. Tumekaa kwa viazi miezi yote hii, na hakuna siku tumemuuliza."

Nilitazama mlangoni. Mama alikuwa amesimama pale, mikono ina unga mpaka viwiko. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Baba alimgeukia. Nimemwona Baba akiogopa mara chache, na hiyo ni moja.

"Mama Mwende," akasema. "Umesikia. Kufuatana na hiyo kitabu, ni wetu. Wewe unasemaje?"

Mama alimuuliza Susu, "Sasa maji unachotewa na nani?"

Susu akacheka, meno yake machache yakaonekana. "Nani? Ni mimi na Mungu. Na Mungu hashiki mtungi."

Mama alijifuta unga kwenye leso. Akapita mbele ya wanaume wale wawili kama wapo au hawapo, akaja mpaka nilipo, akafungua kamba. Yeye anakumbuka kwamba mimi ndiye niliyefungua, kwamba aliniambia "fungua" nami nikafungua. Mimi nakumbuka mikono yake na unga ulioachwa kwenye fundo. Mmoja wetu amekosea, na sitaki kujipa sifa isiyo yangu.

Susu alimshukuru kwa Kikamba kwa muda mrefu, akimbariki yeye na tumbo lake na shamba lake. Walipoondoka, kwato zikagonga mawe mpaka hazikusikika tena. Nililia waziwazi. Baba Njeri alikuwa anatafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani, anataka kurudi dukani, na Baba akitaka kwenda naye.

"Nyinyi wawili," Mama akasema. "Mnaenda wapi? Mitungi iko hapo nyuma ya jiko. Kutoka leo, kila Jumamosi, mtabishana mkipanda."

Walidhani anatania. Waliposimama kwa muda na yeye hajacheka, wakaenda kuichukua.

Lazima niandike kwamba ilikuwa Jumamosi peke yake. Siku nyingine zote Mama aliurudisha mukwa kichwani, asubuhi na jioni, kwa miaka, mpaka bomba lilipofika kwetu. Watu husimulia wema wa Baba katika jambo hili. Mimi pia huusimulia. Lakini sijamwona tena Mama ameketi mchana vile, si katika utoto wangu, na sijui kama hesabu ya wema ule inaweza kufungwa bila kulitaja hilo.

Siku ile tulikwenda mtoni sisi watatu. Wao hawakujua kuchimba, nikawaonyesha. Wakajaza mitungi, wakaifunga kwa mukwa kama walivyoona wanawake wakifanya, na tulipoanza kupanda, wanawake waliokuwa wanateremka walisimama kabisa njiani.

"Uui! Baba Njeri, umeolewa?" mmoja akapiga kelele. "Na ni nani amekuoa, huyu fundi?"

"Mahari ilikuwa magunia mangapi?" mwingine akauliza.

"Tuko kwa masomo!" Baba Njeri akawajibu, shingo imepinda, maji yakimmwagikia kisogoni. Walicheka mpaka wakashikana.

Mimi nilifuata nyuma na mtungi wangu mdogo, nimevimba macho. Wao wakaanza, kama kawaida, kwa pumzi iliyokatikakatika. Baba akasema hivi, Baba Njeri akasema vile. Katikati ya mpando Baba Njeri akasimama, akashusha mtungi juu ya jiwe, akageuka. Tangu nimfahamu hakuwahi kuniuliza kitu zaidi ya habari ya shule.

"Mwende, wewe umesikia hii kesi kuliko mtu yeyote. Njoo uwe upande mmoja."

"Upande wetu," nikasema.

"Hapana. Wako utasema baadaye. Hapa tunaanza na wa yule mwingine. Kila mtu hapa anaanza hivyo, hata Baba yako. Ulidhani anakugeuka? Kila Jumamosi tunabadilishana. Leo wewe ni yule Susu. Mtetee."

Nikamtazama Baba. Naye akatikisa kichwa kukubali, uso umelowa jasho. Ndipo nikaelewa habari ya zile Jumamosi, zote kwa mara moja, nikaona aibu, halafu hasira, halafu sijui nini. Sikutaka kumtetea Susu. Lakini wazee wawili walikuwa wamesimama juani wakiningoja mimi, na hilo halikuwahi kunitokea.

Nikaanza vibaya. Nikasema ni mzee. Baba Njeri akasema uzee si hoja, hata marabi walikuwa wazee. Nikasema mtoni kwao pengine ni mbali kuliko kwetu. Baba akasema pengine si ushahidi. Halafu nikasema alikuja na kamba mpya. Alisema alikata tamaa, lakini alikuja na kamba. Mtu asiye na punda hanunui kamba.

Wazee wakatazamana.

"Endelea," Baba akasema, kwa sauti nyingine.

Nikasema tena, "Na alipomwita, masikio yaligeuka. Mimi nikimwita hayageuki. Yeye alikata tamaa, lakini punda hakukata. Hiyo karatasi yenu imeuliza mwenye punda tu. Haijauliza punda."

Baba Njeri alitoa kofia, akajifuta kichwa, akairudisha. Halafu Baba akauinua mtungi wake, akaniambia kwa upole, kama anavyomwambia mteja ajaribu koti, "Haya, umesema wa Susu na umeusema vizuri. Sasa sema upande wako."

Nikaufikiria upande wangu. Niliutafuta kwa bidii, maana siku zote zile nilikuwa nao, ulikuwa mkubwa, ulijaa kifua kizima. Mto, gharika, tamaa iliyokatika, yote niliyasikia wakiyasema, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa langu.

"Mimi nilimpenda tu," nikasema.

Baba alifungua mdomo. Baba Njeri akamshika mkono.

"Hiyo," akamwambia, "usiijibu."